Linajiendesha au Linaendeshwa? Historia ya Gari la Umeme na Gari Lisilo na Dereva, na Funzo Lake kwa Kiswahili

Ikisiri

Sekta ya magari duniani inapita katika mageuzi mawili kwa wakati mmoja: kutoka injini ya mafuta kwenda mota ya umeme, na kutoka uendeshaji wa mtu kwenda uendeshaji wa programu ya kompyuta. Makala haya yanafuatilia historia ya mageuzi hayo tangu betri ya mwaka 1859 hadi sheria za miaka ya 2020, kisha yanaihusisha na historia ya msamiati wa gari katika Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba msamiati wa gari la petroli uliingia katika lugha yetu kupitia gereji, kwa kuwa gari hilo lilifunguka mikononi mwa fundi. Gari jipya limefungwa kwa programu, na maneno yake yanatufikia kupitia sheria na mikataba iliyoandikwa kwa lugha nyingine. Kwa hiyo uteuzi wa istilahi unachangia kuamua nani atawajibika barabarani na nani atabaki na kazi. Makala yanapendekeza kwamba maneno matatu, yaani dereva, chombo cha moto na fundi, yafafanuliwe upya katika sheria na sera za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno ya msingi: gari la umeme, dereva, fundi, istilahi, uwajibikaji, sera ya usafiri

1.0 Utangulizi

Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, magari ya umeme yaliyouzwa duniani mwaka 2024 yalizidi milioni 17, yakijumuishwa yale yanayochanganya betri ya kuchajiwa na injini. Hilo ni zaidi ya gari moja katika kila magari mapya matano. Katika miji ya Phoenix na San Francisco nchini Marekani, abiria huita teksi ikamfikia ilhali kiti cha usukani hakina mtu. Katika ukanda wetu, pikipiki za umeme zinabeba abiria Kigali tangu mwaka 2019, mabasi ya umeme yanafanya kazi Nairobi, na Uganda ina kampuni ya taifa iliyotokana na gari la umeme lililoundwa na Chuo Kikuu cha Makerere.

Mambo haya kwa kawaida hujadiliwa na wahandisi, wachumi na wanamazingira. Wataalamu wa lugha huitwa mwishoni, maamuzi yakishafanywa, ili watafsiri. Makala haya yanashikilia kwamba mpangilio huo una hasara. Kila teknolojia ya usafiri iliyowahi kufika Afrika Mashariki ilikuja na swali la kutaja: kitu hiki kinaitwaje, na anayekiongoza ni nani? Jibu la swali hilo liligawa kazi, heshima na lawama. Gari la sasa linaliibua tena swali lilelile, na safari hii jibu lina uzito wa kisheria.

Makala yamegawanyika katika sehemu tano baada ya utangulizi huu. Sehemu ya pili inaeleza mwanzo wa gari la umeme na sababu za kushindwa kwake. Sehemu ya tatu inachambua namna msamiati wa gari ulivyoingia katika Kiswahili. Sehemu ya nne inahusu kurejea kwa umeme, na ya tano inahusu gari lisilo na dereva. Sehemu ya sita inajadili mapendekezo, kisha hitimisho linafuata.

2.0 Umeme kabla ya petroli

Wengi huliona gari la umeme kuwa mtoto wa karne ya 21. Historia inasema vingine. Mfaransa Gaston Planté alivumbua betri ya risasi na asidi inayoweza kuchajiwa upya mwaka 1859, yaani miaka 27 kabla ya Karl Benz kusajili gari lake la petroli nchini Ujerumani mwaka 1886. Mwaka 1897 teksi za umeme za Walter Bersey zilikuwa zikibeba abiria katika mitaa ya London. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika gari, na gari hilo liliendeshwa kwa umeme.

Takwimu za Marekani za mwaka 1900 zinatoa picha iliyo wazi zaidi. Katika magari 4,192 yaliyotengenezwa mwaka huo, 1,681 yalikuwa ya mvuke, 1,575 ya umeme na 936 tu ya petroli. Mtu aliyeishi wakati ule angekuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba petroli ndiyo ingeshindwa.

Petroli ilishinda kwa sababu ambazo nyingi zilikuwa nje ya gari lenyewe. Visima vya Texas vilivyofumuka mwaka 1901 viliongeza mafuta na kuyashusha bei. Umeme haukuwa umefika vijijini, ilhali petroli iliweza kubebwa katika chombo chochote hadi popote. Mwaka 1908 Henry Ford alileta gari la Model T, lililozidi kushuka bei mwaka hadi mwaka. Pigo lililobaki lilitolewa, kwa kinaya, na umeme wenyewe: mwaka 1912 magari ya Cadillac yalianza kuuzwa yakiwa na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Kabla ya hapo injini iliwashwa kwa kuzungushwa kwa mkono, kazi nzito ambayo iliweza kumvunja mtu kiwiko, na gari la umeme lilisifika kwa kutohitaji nguvu hiyo. Baada ya stata, sifa hiyo ilikwisha.

Mashine, basi, hushinda pamoja na mazingira yake: barabara, mafuta, mafundi na vipuri. Afrika Mashariki ina kumbukumbu ya jambo hilo katika neno debe. Mafuta ya taa na petroli yalisafirishwa kwa makopo ya bati ya galoni nne, na kopo hilo likawa kipimo cha mahindi, maharage na mkaa sokoni. Watu ambao hawakuwahi kumiliki gari walipima chakula chao kwa chombo cha mafuta. Uchumi wa petroli uliingia hadi jikoni, na lugha ikauhifadhi.

3.0 Gereji kama shule ya msamiati

Msamiati wa Kiswahili wa usafiri wa gari una matabaka matatu yanayoonekana waziwazi.

Tabaka la kwanza ni la bahari. Usukani ulikuwa wa chombo cha majini kabla ya kuwa wa gari. Nauli ilikuwa malipo ya kusafiri au kusafirisha mzigo kwa jahazi. Hata rubani, ambaye leo ni wa ndege, alikuwa mwelekezaji wa meli bandarini. Wasemaji wa pwani walipokutana na chombo cha nchi kavu walikipa maneno ya chombo walichokijua, na wakakiita chombo vilevile. Tabaka la pili ni la Bahari ya Hindi: gari ni neno lenye asili ya Kihindi, lililotumika kwa mkokoteni na kigari cha kuvutwa na wanyama kabla ya kupewa gari moshi na motokaa. Tabaka la tatu ni la Kiingereza: injini, breki, klachi, gia, tairi, plagi, kabureta, stata, jeki, spana, pancha, gereji, dereva.

Tabaka hili la tatu lina sifa inayostahili kuzingatiwa. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930, na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lilianzishwa mwaka 1967. Lakini maneno ya gereji hayakusubiri baraza. Yalitengenezwa na mafundi, madereva na wasaidizi wao, wengi wao bila kusoma Kiingereza darasani, kwa sikio na kwa mkono. Ushahidi ni jinsi maneno hayo yalivyonyambuliwa. Injini iliyogonga kwa kukosa oili imenoki. Kitenzi hicho kimetoholewa kutoka Kiingereza na kupewa viambishi vya Kiswahili kana kwamba kilizaliwa humu. Msaidizi wa lori akaitwa taniboi, neno ambalo umbo lake linaashiria kijana wa kuzungusha, na hivyo linatukumbusha enzi ya kabla ya stata. Gari huwashwa na kuzimwa kama moto au taa. Sauti ya motokaa ilipolingana kwa nasibu na neno letu moto, uhusiano wa gari na moto ulizidi kukita mizizi, na leo istilahi ya kiutawala nchini Tanzania ni vyombo vya moto.

Upande wa magharibi wa ukanda wetu ulipokea tabaka la tatu kutoka Kifaransa. Katika Kiswahili cha Kongo dereva ni shofere, na Kinyarwanda na Kirundi vina umbo la karibu na hilo. Neno la Kifaransa chauffeur lilimaanisha mtu anayetia moto, yaani mchochezi wa tanuri la mvuke. Mvuke ulikwisha, jina likabaki kwa mtu aliyeshika usukani. Kiingereza nacho kilimpa mwendesha gari jina lililotokana na kuswaga wanyama. Kwa hiyo dereva na shofere, majina mawili ya mtu mmoja katika Kiswahili kimoja, ni mabaki ya kazi mbili zilizotoweka: kumwongoza mnyama na kuchochea moto.

Mfano huo unaonyesha kwamba jina la kazi huweza kuishi baada ya kazi yenyewe kufa. Maana za nishati nazo huhama: stima katika Kiswahili cha mapema ilikuwa meli ya mvuke, na Wakenya wa leo wanaitumia kwa maana ya umeme. Lugha, kwa hiyo, haishindwi na teknolojia mpya. Lakini uhamaji huo wote ulikuwa na sharti moja: watu walikuwa wameishika mashine hiyo mikononi. Fundi alifungua kabureta mbele ya mwanagenzi, akaitaja kila sehemu huku akiigusa. Gereji ilikuwa shule ya ufundi na shule ya msamiati kwa pamoja, na mwalimu wake alifundisha kwa Kiswahili.

4.0 Kurejea kwa umeme

Gari la umeme halikufa kabisa, bali lilijificha katika kazi ndogo ndogo, kama vile usambazaji wa maziwa katika miji ya Uingereza. Kurejea kwake barabarani kulianza na sheria. Mwaka 1990 jimbo la California liliwataka watengenezaji wakubwa wauze sehemu ya magari yasiyotoa moshi. General Motors ikaleta gari la EV1 mwaka 1996, likakodishwa bila kuuzwa, kisha kampuni ikayakusanya na kuyaharibu mengi yake. Wakati huohuo kemia ilikuwa imesonga. Sony iliingiza sokoni betri ya lithiamu-ioni mwaka 1991 kwa ajili ya vifaa vidogo. Betri hiyo, iliyowapatia wanasayansi watatu Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, ndiyo iliyowezesha gari la Tesla Roadster mwaka 2008, Nissan Leaf mwishoni mwa 2010, na baadaye wimbi kubwa la magari ya China.

Katika wimbi hili Afrika Mashariki ina nafasi tatu tofauti, na kila moja ina uhusiano wake na Kiswahili.

Nafasi ya kwanza ni ya mchimbaji. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika ukanda wa Kolwezi na Likasi. Eneo hilo lilichimbwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, na Kiswahili kilikua humo kama lugha ya kazi miongoni mwa wafanyakazi waliotoka makabila na nchi mbalimbali. Hadi leo ndicho lugha ya mgodini na sokoni. Hata hivyo, kutoka Kolwezi madini hayo husafirishwa mbali kusafishwa, na betri hurudi ikiwa na maandishi ya Kichina au Kiingereza. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia saini makubaliano ya kushirikiana katika mnyororo wa thamani wa betri, ili sehemu ya kazi hiyo ifanyike nyumbani. Watunga sera wazingatie pia kwamba aina ya betri inayotumia chuma na fosfeti haina kobalti kabisa, na imeenea sana katika magari ya China. Faida ya kuwa na madini inaweza kupungua kabla ya kugeuzwa ujuzi.

Nafasi ya pili ni ya mbunifu. Mwaka 2011 wanafunzi na wahadhiri wa Makerere waliendesha mjini Kampala gari la Kiira EV, lenye viti viwili. Mwaka 2014 waliongeza gari la mseto, na mwaka 2016 basi la Kayoola lenye paneli za sola paliponi. Kazi hiyo ilizaa Kampuni ya Kiira Motors na kiwanda cha Jinja, mji ambao umezalisha umeme wa maji tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Kwa nchi isiyo na bahari hoja ya kiuchumi ni nyepesi kueleweka: petroli husafiri kutoka Mombasa au Dar es Salaam, ilhali maji ya Mto Nile yapo hapohapo.

Nafasi ya tatu ni ya mtumiaji, na hapa ndipo msamiati mpya unapochipuka. Dereva wa pikipiki ya umeme Kigali au Nairobi mara nyingi hachaji betri mwenyewe. Hufika kituoni, huacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Maneno kuchaji, kubadilisha betri na chaji imeisha yalikuwa yameshafika kupitia simu ya mkononi. Hii ni tofauti kubwa na karne iliyopita: msamiati wa gari la umeme hautoki gereji, unatoka kwenye simu. Na simu, tofauti na kabureta, ni kifaa ambacho wengi wetu tunakitumia bila kukifungua.

5.0 Gari lisilo na dereva

Mageuzi ya pili yana historia fupi zaidi. Mwaka 2004 idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, DARPA, iliandaa mashindano ya magari yasiyo na dereva katika jangwa la Mojave. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 240. Gari lililofika mbali zaidi halikufikisha kilomita 12. Mwaka uliofuata magari matano yalimaliza, na la Chuo Kikuu cha Stanford likashinda. Google ilianza mradi wake mwaka 2009, na mwaka 2020 kampuni iliyozaliwa nao, Waymo, ilifungulia umma wa Phoenix teksi zisizo na mtu kwenye usukani.

Katikati ya historia hiyo kuna tukio ambalo kila mtunga sera wa ukanda huu anapaswa kulijua. Machi 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri ilichunguza na kubaini kwamba vitambuzi vilimwona mapema. Tatizo lilikuwa kumtaja. Mfumo ulimwita kitu kisichojulikana, kisha gari, kisha baiskeli, na kila ulipobadilisha jina ulianza upya kukadiria anakoelekea. Aidha, mfumo haukuwa umeundwa kumfikiria mtu anayevuka mahali pasipo na kivuko.

Kwa mwanaisimu, hilo ni kosa la uainishaji: kitu kilikuwepo, jina lake halikuwepo. Kwa mkazi wa Kampala, Bujumbura au Dar es Salaam, ni kosa la kuogofya. Katika miji yetu mtu anayevuka pasipo na kivuko ndiye mtu wa kawaida. Barabara ina mkokoteni wenye magunia, bodaboda iliyobeba kitanda, ng'ombe wanaopelekwa machinjioni, na mwanafunzi anayevuka baada ya dereva kumpungia mkono. Tena, gari likitoka Uganda, Kenya au Tanzania kuingia Rwanda, Burundi au Kongo, hubadilisha upande wa barabara mpakani. Programu iliyofundishwa kwa mitaa ya Arizona haina maneno ya mambo haya.

Baada ya ajali ya Tempe, mwendesha mashtaka aliamua kwamba kampuni haikuwa na jinai ya kujibu. Mtu aliyeketi kwenye kiti kama mwangalizi wa usalama ndiye aliyeshtakiwa, na mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha na kupewa kifungo cha nje chini ya uangalizi. Mwangalizi huyo hakuwa ameshika usukani; kwa mujibu wa uchunguzi, macho yake yalikuwa kwenye simu. Lakini sheria ilipomtafuta dereva, yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na neno hilo.

Sheria ya kimataifa yenyewe ilikuwa imejengwa juu ya dereva binadamu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka kila chombo kinachotembea kiwe na dereva, na unamfafanua dereva kuwa mtu yeyote anayeendesha chombo au anayeongoza mifugo barabarani. Mchungaji na mwenye lori wamo katika fasili moja, kwa kuwa wote wawili ni watu. Mwezi Julai 2022 marekebisho yalianza kutumika, yakisema kwamba sharti la kuwa na dereva litahesabiwa kuwa limetimizwa ikiwa gari linatumia mfumo wa uendeshaji unaokidhi kanuni. Kwa mara ya kwanza katika mkataba huo, mfumo ukasimama mahali pa mtu.

Nchi kadhaa zimeuziba pengo hilo la uwajibikaji kwa kubuni majina mapya. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2021 inataka kuwe na msimamizi wa kiufundi aliye binadamu, hata kama hayumo garini. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2024 imeunda taasisi yenye kibali inayobeba dhamana ya namna gari linavyojiendesha, na ikampa aliyeketi kwenye usukani kinga dhidi ya makosa ya uendeshaji ambayo si yake. Nchi hizo zilitambua kwamba bila jina la mwenye dhamana, dhamana humwangukia aliye karibu.

6.0 Mjadala: maneno matatu ya kuamuliwa

6.1 Dereva

Katika Kiswahili kitenzi endesha kinatokana na enda, kwa kuongezwa kiambishi cha usababishi: anayeendesha anasababisha kwenda. Magazeti na mitandao imeanza kutumia gari linalojiendesha. Umbo hilo ni sahihi kisarufi na halina ubaya katika mazungumzo. Kisheria, hata hivyo, lina hatari. Kiambishi ji humfanya mtenda na mtendwa kuwa kitu kimoja. Gari linakuwa chanzo cha mwendo wake lenyewe, na sentensi haidai mtu mwingine. Umbo la kutendwa hufungua mlango tofauti: tukisema gari linaendeshwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza, na nani? Sarufi yenyewe inaandaa nafasi ya jibu.

Tunapendekeza basi kwamba matini za sheria, bima na mikataba zitumie gari linaloendeshwa na programu, na kwamba fasili ya dereva iambatane na istilahi ya pili, mwenye dhamana ya uendeshaji, ikimaanisha kampuni au taasisi iliyopata kibali cha mfumo huo. Kwa njia hiyo mlinzi au kijana atakayeajiriwa kukaa ndani ya gari hilo hatageuka kuwa dereva siku ya ajali tu.

6.2 Chombo cha moto

Istilahi hii ilifaa enzi ya mwako wa ndani. Gari la umeme halina mwako, lakini linahitaji usajili, bima na ukaguzi uleule. Tungeweza kuitupa istilahi hiyo, lakini historia ya shofere na stima inaonyesha kwamba jina linaweza kubaki huku maana yake ikipanuka. Kinachohitajika ni sheria kutamka wazi kwamba chombo cha moto kinajumuisha chombo cha mota ya umeme, zikiwemo pikipiki na bajaji. Wakati huohuo, neno moto lina kazi nyingine ambayo haipaswi kusahauliwa. Betri ya lithiamu ikiwaka huhitaji maji mengi kuipoza, na inaweza kuwaka tena baada ya kudhaniwa imezimika. Mwongozo wa zimamoto kwa Kiswahili kuhusu jambo hili unaweza kuokoa maisha, na hauhitaji kusubiri sera kuu.

6.3 Fundi

Betri ya gari la petroli ni ya volti 12. Ya gari la umeme huwa na volti mia kadhaa. Fundi aliyezoea kujifunza kwa kugusa hawezi kuendelea na mbinu hiyo bila kuhatarisha uhai wake. Wakati huohuo sehemu kubwa ya matengenezo hufanywa kwa kuunganisha kompyuta, na kompyuta hiyo huhitaji idhini ya mtengenezaji. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha mwaka 2012 sheria inayowapa mafundi huru haki ya kupata taarifa za matengenezo, na mwaka 2020 wapiga kura wakaipanua haki hiyo. Mafundi wa Gatsata, Kisekka na Gerezani wanahitaji kinga ya namna hiyo, pamoja na jambo moja zaidi: taarifa hizo ziwe katika lugha wanayofundishana.

Inawezekana kupinga kwamba masuala haya yako mbali nasi. Hata hivyo, magari mengi ya ukanda huu ni yaliyotumika, hasa kutoka Japani, na miongoni mwake yapo yanayofunga breki yenyewe au kumrudisha dereva kwenye mstari wa barabara. Skrini zake hutoa tahadhari kwa maandishi ya Kijapani, ambayo mnunuzi hawezi kuyasoma. Programu tayari imeshika sehemu ya usukani, na inazungumza na dereva kwa lugha asiyoijua.

Mazingira ya kisera yapo. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya kwa maamuzi ya wakuu wa nchi ya mwaka 2021. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Uganda ina kifungu cha Katiba tangu 2005 na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa 2022. Na Tanzania ilirekebisha sheria zake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inaweza kuitisha jopo la wanasheria, wahandisi, mafundi wa gereji na wanaistilahi kutoka nchi zote za Jumuiya, Kongo ikiwemo, na kuandaa faharasa moja ya usafiri wa umeme na wa programu. Mashirika ya viwango yanaweza kuweka sharti kwamba gari au pikipiki ya umeme isipewe kibali cha kuingizwa bila mwongozo wa tahadhari na wa matengenezo kwa Kiswahili.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba gari la umeme lilikuwepo kabla ya gari la petroli kutawala, na kwamba mshindi aliamuliwa zaidi na mazingira yaliyoizunguka mashine kuliko mashine yenyewe. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili kiliimiliki motokaa kwa njia ya kazi: kilichukua maneno ya bahari, ya India na ya Ulaya, kikayapitisha katika mikono ya mafundi, kikayarudisha yakiwa yake. Njia hiyo ya kale inafungwa kwa kufuli ya programu, na gari lisilo na dereva linaongeza swali la nani anawajibika.

Karne iliyopita lugha ilipewa muda. Miongo mingi ilipita kati ya motokaa za kwanza na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na katika muda huo gereji zilifanya kazi ambayo hakuna aliyezituma. Safari hii sheria zinaandikwa kabla magari hayajazoeleka, na atakayekosa jina katika sheria hizo, awe mchimbaji wa Kolwezi, fundi wa Kampala au mtembea kwa miguu wa Bujumbura, atakuwa vigumu kutetewa. Kazi ya kuwapa majina hayo ni ya wataalamu wa Kiswahili na watunga sera kwa pamoja, na inafaa ianze kwa kuketi na mafundi.